Mkeka wa Mwanaidi

"Rupia mia ulizipokea kwa mkono wako," zimwi lilisema.

"Niliuza mkeka," Mashavu akajibu. "Hamu yangu ya kuamka sikuiuza."

Sogeeni msikie, mimi sizungushi maneno. Ndui ilimuua mume wa Mashavu na wanawe wote, akabakiwa na mjukuu mmoja, Mwanaidi. Kila alfajiri aliamka kumsukia ukili wa mkeka wa harusi, na kazi hiyo ndiyo iliyompa hamu ya kuamka. Njaa ilipokaza, akauuza mkeka kwa zimwi. Zimwi lilipoulalia tu, hamu yote ikamtoka Mashavu. Mtama alinunua, kuupika akashindwa.

"Bibi, amka," Mwanaidi akasema.

"Bibi, nina njaa." Mashavu akageukia ukutani.

"Bibi, umekufa?"

Hapo ndipo alipojikokota hadi pangoni kwa zimwi na rupia zilizobaki.

"Sizitaki," zimwi likasema. "Tangu nizaliwe sijawahi kuingoja kesho, na sasa naingoja. Suka mwingine."

"Nisuke kwa hamu ipi, nawe umeilalia? Nimechoka, na sina pengine pa kwenda. Mtoto hajala tangu juzi. Inuka hapo, unipe mkeka wangu."