Siku Kilima cha Nguchiro Kilipotolewa kwa Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa mpo?

Tupo!

Wadogo mpo?

Tupo mbele!

Basi sogeeni. Mwenye mkeka ampishe asiye na mkeka, maana hadithi hii ina mbio ndani yake.

Hapo zamani za kale, kale ile wanyama walipokuwa na baraza, palikuwa na bonde la nyasi tamu. Na siku ninayoisimulia, penye mgunga wa baraza, walikuwepo hawa: Bwana Twiga, mkuu wa bonde. Nyumbu, mwenye ukoo mkubwa na wazo dogo. Bi Pundamilia, asiyejua kumeza neno. Na Fisi, aliyekuja na kaka zake, akawaacha kando wakimsubiri na kucheka. Hihihiii! Hao ndio waliokuwepo.

Mama Nguchiro hakuwepo. Na baraza lilikuwa la kilima chake!

Mama Nguchiro ni nani? Ni mnyama mdogo. Ukimweka kwenye kikapu cha sokoni anaenea na watoto wake. Yeye na ukoo wake walikaa kwenye kilima kilicho mlangoni mwa bonde. Walikizungushia ua wa miiba, tabaka juu ya tabaka, mpaka nyoka akipita hapo anaomba radhi. Kila kukicha nguchiro mmoja alipanda juu ya jiwe, akasimama kwa miguu miwili, mikono kifuani, akatazama. Akiona hatari analia: Chiro! Chiro! Chiro! Bonde zima linasikia. Akina mama wanakusanya watoto, nyumbu wanakimbia, tifu tifu tifu!

Hakuna aliyemtuma kulia. Ulikuwa wema wake tu. Na wema wa kila siku, jamani, tunauzoea kama hewa.

Ng'ambo ya mto aliishi Mama Tembo. Huyo nguvu zake mnazijua. Zamani kidogo palikuwa na vita, vita vya nyasi kuungua na mto kubadilika rangi. Nani aliyeanza? Wengi wanasema Fisi. Wengine wanasema kila mmoja alikuwa na kidole chake humo. Mama Tembo alivuka, akaja kusaidia, na Fisi akashindwa. Wakamfukuza mpaka Majabalini, kwenye mawe matupu. Wakamwambia: "Usinoe meno. Usikusanye ukoo. Usikanyage ukingo wa mto."

Mama Tembo akawazika wanawe wawili bondeni. Akavuka kurudi kwake na ndama mmoja aliyembakia. Akasema, "Sitavuka tena. Ugomvi wenu ni wenu. Mto uko katikati."

Msimcheke. Mama aliyezika ana haki ya kuchoka. Lakini lishikeni neno lake, mnisaidie kulisema. Mto...

Uko katikati!

Haya! Siku zikaenda, zikaenda. Siku moja Majabalini ikasikika sauti: kwaru! kwaru! kwaru!

"Nini hiyo?" akauliza Bi Pundamilia.

"Fisi ananoa meno," akasema Twiga, ambaye shingo yake iliona kila kitu.

"Si alikatazwa?"

"Anajikuna tu," akasema Nyumbu. "Mawe yanawasha, dada."

Wakanyamaza. Siku nyingine Fisi akaonekana ukingoni mwa mto, yeye na kaka zake na wajomba zake, kundi zima.

"Si alikatazwa?"

"Ah, ukingo ule ulikuwa wake tangu zamani," akasema Nyumbu. "Anakunywa maji tu."

Wakanyamaza tena. Mama Tembo naye aliwaona, yuko pale ng'ambo. Akasema nini?

Mto uko katikati!

Hapo ndipo Fisi akaja barazani. Alikuja akilia, machozi mpaka kwenye masharubu.

"Mjomba Twiga," akasema, "wanangu wanalala juu ya mawe. Mbavu zao unaweza kuzihesabu ukiwa hapo ulipo. Nipe kile kilima kidogo tu. Kidogo! Nikikipata, sitaomba kitu tena mpaka naingia kaburini."

Twiga akainamisha yale macho yake mazuri yenye kope ndefu. Alimkumbuka kaka yake, aliyekufa katika vita vile kwa jeraha la siku nyingi. Akawaza, vita vikirudi, nani atazika nani? Huruma yake ilikuwa ya kweli, na hofu yake ilikuwa ya kweli.

"Kilima si chako, bwana," akasema Bi Pundamilia. "Mwite mwenyewe aje."

"Mwangalieni huyu naye!" akasema Fisi, machozi yamekauka papo hapo. "Yeye hata ngozi yake haipatani, weusi huku, weupe kule. Atajua nini habari za amani?"

Wakacheka. Nyumbu akacheka mpaka akapiga chafya. "Kweli kabisa, kweli kabisa!"

Kumbe Mama Nguchiro alikuwa amesikia habari njiani, akaja mbio, kitoto kimoja kinaning'inia mdomoni. Kaka zake Fisi wakamzuia.

"Subiri hapo, bibi. Wakubwa wanaongea."

Akakiweka kitoto chini. "Wanaongea kuhusu nini?"

"Kuhusu wewe. Hihihiii!"

Akasimama kwa miguu miwili ili aone. Akaona migongo tu.

Sasa sikilizeni desturi ya bonde lile. Wanyama wakipatana walikuwa wanauma gome la mgunga. Huyu anauma hapa, yule anauma pale, alama za meno zinakaa pamoja, na aliyeuma gome harudi nyuma. Tangu mababu, hakuna aliyewahi kuvunja. Twiga akauma kwa adabu. Nyumbu akauma, akapaliwa. Bi Pundamilia akakataa, akageuza mgongo. Fisi akaja, akafungua mdomo, kacha! Akaondoka na kipande kizima.

Wakapiga makofi ya kwato. "Ameuma! Ameuma!"

Nanyi mnanitazama. Ndiyo, ameuma. Fisi gani asiyeuma? Anauma mfupa, anauma kwato kuukuu, anauma hata jiwe akilikuta limelala vibaya. Kwa Twiga kuuma ni kiapo. Kwa Fisi kuuma ni kuuma.

Twiga akatoka na ganda la gome mdomoni, ameliinua juu kabisa bonde zima lione.

"Amani!" akasema. "Wanangu, laleni usingizi! Tumepata amani, yetu na ya wajukuu zetu!"

Ikawa furaha! Ngoma, vumbi, tifu tifu! Swala wanaruka, nyumbu wanazunguka, ndege wanapiga vigelegele. Katikati ya vumbi hilo Mama Nguchiro akapenya miguuni mwao mpaka akamfikia mkuu.

"Bwana Twiga, amani hiyo mmeipata kwa kutoa nini?"

"Kilima chako, mama." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Ni kwa ajili ya wote."

"Na mimi si mmoja wa wote?"

Twiga akatazama mbali. Alikuwa hodari sana wa kutazama mbali.

Kesho yake nguchiro wakahama. Bi Pundamilia akaja, akapiga magoti kando ya ua wa miiba, akawabeba watoto mgongoni, wamejipanga wameshika manyoya ya shingo. Kobe akawafungulia shimo lake na yeye mwenyewe akalala nje. Sitaki kuwaficha wema huo kwa sababu ulikuwa mdogo. Kitoto cha mwisho kilikuwa kinatetemeka, na Kobe akasogea, akakikinga upepo kwa gamba lake.

Mama Nguchiro akashuka mtoni. Akaita, "Mama Tembo! Dada yangu!"

"Nakusikia, mama."

"Wamenitoa kwangu. Fisi yuko ndani ya ua wangu. Njoo usimame nasi. Usipigane, simama tu! Akikuona, atarudi kwao."

Tembo akamkumbatia ndama wake kwa mkonga. Kisha akatikisa mkuyu, makuyu yakamwagika majini, akayasukuma yakaelea mpaka upande wa pili.

"Wape watoto," akasema. "Poleni sana. Lakini mto uko katikati."

"Ahsante kwa makuyu, dada. Watoto watakula." Akayaokota moja moja. "Ila yatakapokwisha, Fisi atakuwepo bado."

Hazikupita siku nyingi. Asubuhi moja jua linachomoza, nyasi zina umande, bonde limetulia. Watoto wa nyumbu wananyonya. Ndama wa Twiga, yule wa miguu inayogongana, amekwenda kuonja majani chini ya kilima. Hakuna kelele. Hakuna "Chiro!" Nani angelia? Jiwe la mlinzi lilikuwa na nani juu yake?

Fisi!

Uuuwi! Wakaporomoka! Kama mawe, kama mafuriko, guru guru guru! Nyumbu wakazinduka wamechelewa. "Ameuma gome! Ameuma gome!" akapiga kelele Nyumbu, anakimbia, bado haamini. "Gome lilikuwa tamu!" akajibu Fisi. Hihihiii! Watoto wa nyumbu hawakujua kukimbilia wapi, maana siku zote walikimbia kwa sauti ya nguchiro.

Twiga akamwona ndama wake. Fisi wawili huku, watatu kule. Akatoka mbio, miguu ile mirefu inakata nyasi, vu! vu! vu! Akafika, akarusha teke, pu! Fisi akaenda zake hewani. Teke la pili, pu! Lakini ndama akaanguka. Nani akafika? Bi Pundamilia, anauma, anapiga, anatukana kwa lugha isiyosemwa mbele ya watoto. Wakamtoa ndama akiwa hai, paja limechanika. Wakarudi nyuma mpaka kwenye mawe ya mtoni, migongo yao majini, watoto katikati, wakubwa nje.

Na mto je? Kiangazi hicho kilikuwa kikali. Maji yalikuwa yamepungua kidogo kidogo, na hakuna aliyeangalia. Mto uko katikati? Mto ulikuwa magotini! Fisi wakaona. Wakavuka chubwi, chubwi, chubwi, wakamrukia ndama wa Tembo, wakakata mkia wake, kacha!

Ndama akalia. Mama Tembo akageuka.

Ndugu zangu, ardhi ilitingishika! Alivuka mto ule kwa hatua zake kubwa, maji yakaruka mpaka kwenye matawi. Paaa! Bonde likaitika. Twiga akasimama, Bi Pundamilia akasimama, hata Nyumbu akainamisha pembe, kwa mara ya kwanza anakimbia kwenda mbele. Wakawasukuma fisi, wakawasukuma, mpaka mlangoni mwa bonde. Huko fisi wakaingia ndani ya ua. Ule ua! Ule wa tabaka juu ya tabaka! Miiba iliyowalinda wote sasa ilimlinda Fisi. Ilibidi Mama Tembo aivunje kwa kifua chake. Akaivunja akilia, damu inatiririka mkongani, na wengi walioingia nyuma yake hawakutoka.

Wakashinda. Fisi akakimbia, akapotelea Majabalini. Lakini hawakupiga ngoma siku hiyo.

Twiga akaenda kwenye shimo la Kobe. Akatanua miguu ya mbele kama anayekunywa maji, akashusha ile shingo mpaka kichwa kikagusa vumbi, macho yake sawa na macho ya Mama Nguchiro.

"Nilikuwa mkarimu," akasema, "kwa kitu kisicho changu."

Mama Nguchiro akasogea. Akamtazama yule ndama mwenye paja lililochanika, aliyejificha nyuma ya baba yake.

"Mlete mtoto," akasema. "Nzi wanamsumbua." Na yeye na wanawe wakakaa kando ya kidonda kile, wanafukuza nzi, mpaka jua likazama.

Twiga akalia hapo.

Haya, wanangu. Funzo nawapa wazi, sitawaachia mafumbo. Ukimlisha jeuri kwa chakula cha jirani, hashibi, anajifunza njia ya kuja kwako. Na ukisema moto wa jirani si wako, subiri upepo ugeuke.

Nanyi wakubwa mnaosoma historia shuleni, msidhani haya ni ya wanyama tu. Ulaya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu walikuwa wamechoka kuzika, kama Twiga, kama Tembo. Mwaka 1938, mjini Munich, wakubwa wa nchi nne walikubaliana Ujerumani ipewe mipaka ya milima ya Chekoslovakia, yenye ngome zake. Wachekoslovakia wenyewe hawakuketi katika mazungumzo hayo. Watu wakashangilia amani. Na Marekani, ng'ambo ya bahari, wengi wakasema ugomvi wa Ulaya haukuwa wao. Mwaka uliofuata vita vikaanza. Mkiulizwa kwenye mtihani, andikeni hivyo. Mkiulizwa na maisha, ulizeni kwanza: mwenye kilima ameitwa?

Hadithi yangu imefika kikomo, hapa ndipo ninapoitua. Aliyeisikia na awe nayo.

"Na nguchiro, mama? Walirudi kilimani?"

Walirudi, mwanangu, mvua za kwanza ziliponyesha. Walirudi wachache kuliko walioondoka.