Bi Pweza na Chombo cha Watu wa Nyota

Semeni nije.
— Njoo.
Nije na nini?
— Njoo na la baharini.
Na kama ni la kutisha?
— Njoo nalo, tutashikana mikono.

Basi alikuwepo Bi Pweza, ndiyo kwanza anapata uzazi wake wa kwanza, ametundika mayai kwenye dari ya pango, meupe, madogo kama punje za mchele, na haondoki hata kwenda kula. Nje, mwambani, alikuwepo Chewa, samaki mkubwa, kinywa kama mlango wa ghala. Siku ya kwanza akaja Chewa, akafungua kinywa, fyooo! Samaki tasi wakaisha. Siku ya pili akaja Chewa, akafungua kinywa, fyooo! Samaki pono wakaisha. Waliosalia walikwenda na nyavu za watu. Siku ya tatu mwamba ulikuwa mweupe, kimya, na Chewa akaja pangoni.

Akamwambia Bi Pweza kwamba ataanza na yeye, ili asije akaona wanawe wakiliwa. Alijiona muungwana.

Bi Pweza akayakinga mayai kwa mikono yote minane. Akakumbuka zamani, kabla ya mayai, maji yakijaa alikuwa akisogea hadi chini ya kibanda cha kahawa kuchungulia televisheni. Kila alasiri tamthilia ileile: watu wa nyota wanashuka na chombo chenye matundumatundu, wanawachukua viumbe wanaokaribia kwisha, wanawapeleka dunia mpya. Na muda huohuo, nje ya pango, dubwi! Mvuvi Mzee Shali ametosa dema lake, ule mtego wa fito zilizosukwa, wenye mdomo wa kuingilia na usio na wa kutokea.

Bi Pweza akamwambia Chewa, "Shikamoo babu, kula tu, sina nyama lakini kula, ila roho inaniuma, maana chombo cha watu wa nyota ndicho kile kimeshuka, kinachukua mmoja tu, wa mwisho wa kabila lake, na wewe uko hapa unahangaika na mimi."

Chewa akauliza kama huko kuna chakula. Akaambiwa kipo, hakiliki kikaisha. Akauliza kama mlango utamtosha. Akaambiwa ajibane kidogo. Kisha akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwanangu, na chewa wengine wako huko?"

Bi Pweza hakulitarajia swali hilo. Akayatazama mayai.

"Wamejaa, babu, walitangulia. Wanakungoja."

Chewa akaenda. Akajibana, akaingia. Kwaru, kwaru, kamba ikavutwa, na huyo akapaa, anapunga mkia.

Basi Bi Pweza ameshinda. Mayai yakaanguliwa, pwa, pwa, pwa, watoto wakatoka mamia kwa mamia, na mama yao njaa imemmaliza, hana hata nguvu ya kuwashika. Wakatazama huku, mwamba mweupe. Wakatazama kule, mwamba mweupe. Wakamuuliza wengine wako wapi. Angewaambia nini? Akawaambia wamechukuliwa na chombo cha watu wa nyota, chenye matundumatundu, na kitarudi. Akafumba macho, hakuyafumbua tena.

Huko juu Mzee Shali alikuwa amekwisha kuwaonyesha wenzake yule chewa. Dubwi! Dubwi! Dubwi! Madema yakashuka pande zote, na watoto wakayakimbilia wakishangilia.

Hadithi nimeitua hapo. Mikono msiiachie kwanza. Funzo lake ni kwamba ukiwa na akili utamshinda mwenye nguvu, na wanao watakaa raha mustarehe. Asiyeamini aende mwambani akaulize, kama atamkuta wa kumuuliza.