Mfalme Aliyemngoja Mfalme

Haya, sogeeni. Leo nawapa hadithi nzima isipokuwa mwisho. Mwisho nimeutafuta miaka mingi, sijaupata, na anayejiona hodari wa kuamua aje anisaidie.

Mji wa Mtangani ulitawaliwa na Mfalme Mwinyimvua, mtu wa haki na mpenda utani. Watu watatu walikuwa karibu naye kuliko wote. Mkewe, Mwanakombo, alijaliwa subira. Mdogo wa mfalme, Sheha, alijaliwa sauti. Akisema nyuma ya pazia, ungeapa ni kaka yake. Na Vuai, mpiga siwa, ile baragumu ya kifalme, alijaliwa kuaminiwa. Siwa ikilia, mji mzima ulijua mfalme ameketi, kwa kuwa Vuai alikula kiapo kuwa hataipiga akiwa hajamwona kitini.

Siku moja mfalme alitoka chumbani, akaenda kuketi sakafuni kwenye mlango wa ndani wa jumba lake.

"Bwana wangu, ingia basi," mkewe akamwambia.

"Niingie wapi, bibi? Mimi bawabu tu. Mfalme kasafiri, namngoja."

Mwanakombo alicheka, akidhani ni utani wake wa kila siku. Haukuwa utani. Waganga waliitwa kwa siri, wakafukiza, wakasoma, wakaondoka. Yeye yuko pale pale, anamngoja mfalme. Na sheria ya Mtangani haikuwa na huruma: mfalme aliyepotewa na akili hupelekwa kwenye kisiwa kisicho na maji, akaachwa huko.

Mfalme alikataa kula, eti chakula cha jumbani si cha bawabu. Mwanakombo hakubishana naye. "Bawabu, mfalme ameagiza ule." Akala. "Bawabu, mfalme amesema ulale." Akalala. Mume wake alimwita "bibi mkubwa" kama mgeni, naye aliitika, kisha akaenda kulia jikoni.

Sheha alivaa joho la kaka yake, akaketi kitini nyuma ya pazia, akaamua kesi za watu kwa sauti ile ile. Angegunduliwa, angekatwa kichwa.

Vuai alisimama ndani ya pazia, akamwona vizuri aliyeketi. Akapiga siwa. Jioni hiyo hakuweza kuwatazama wanawe.

Basi mke asingemlisha, mfalme angekufa njaa. Ndugu asingeketi, wazee wangeuliza. Siwa isingelia, mji ungejua. Nani hapo utamtoa?

Asubuhi moja mfalme aliamka, akamwita mkewe kwa jina. Mwanakombo alilia kwa furaha. Mfalme alielezwa yote, akawaita watatu wale.

"Mmeniokoa," akasema. "Lakini ugonjwa huu haujaenda mbali, nausikia. Mmoja wenu nitampa pete yangu, awe na neno la mwisho juu yangu nikipotea tena. Mtanifanyaje?"

"Nitakuficha mpaka nife," akasema Mwanakombo.

"Nitatawala kwa jina lako, kaka," akasema Sheha. "Ila sikufichi ukweli, kile kiti nimeanza kukipenda."

"Mimi nitawaambia watu ukweli, maulana, niwaombe wakuhurumie," akasema Vuai. "Kuwadanganya tena siwezi."

"Na wakikataa?" Mwanakombo akamgeukia. "Utampeleka wewe kisiwani?"

Wakaanza kubishana, sauti zikapanda, kila mmoja akimtaja mfalme kwa mapenzi yake yote. Mfalme akavua pete.

Akaitazama sana. Kisha akainuka, akaenda kuketi sakafuni mlangoni, akawanyooshea mkono kwa adabu.

"Samahanini, wakubwa zangu. Nimeokota pete ya mfalme. Nimkabidhi nani amtunzie mpaka arudi?"

Hakuna aliyethubutu kuipokea. Msinitazame mimi, mimi nimeshindwa. Wewe uliyekaa hapo, mkono wake bado umenyooshwa: ungesema apewe nani?