Boksi la Korongo

Mtu mmoja alikuwa na mama mkwe mwenye ugonjwa wa presha. Mtu huyo aliitwa Lubango, fundi wa kuchonga mipini ya majembe. Mkewe alifariki mapema, lakini Lubango hakumwacha mama aliyemzaa mkewe. Kila mwezi ulipoandama alikwenda mjini kumnunulia dawa.

Kwao mkwe hasimami uso kwa uso na mama mkwe, wala hawasemezani. Basi Lubango aliweka dawa juu ya jiwe la mlangoni, akapiga makofi, akageuka kwenda zake. Mama, jina lake Nyamizi, alingoja hatua zake zipotee, ndipo akatoka kuichukua. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yao.

Dawa ilikuwa ndani ya boksi la buluu lenye picha ya korongo. Ilikuwa ghali, kila mara Lubango akiuza mbuzi ili kuinunua, kwa kuwa kiwanda kilichoivumbua ndicho pekee kilichoruhusiwa kuitengeneza. Wanawake waliotoka kisimani wakiliona boksi juu ya jiwe walicheka na kuita, “Nyamizi, korongo wako ametua!” Naye Nyamizi alitembea siku hiyo kama mtu mwenye binti aliye hai.

Kisha muda wa ruhusa ile ukaisha. Viwanda vingine vikaitengeneza dawa hiyohiyo, ikashuka bei hata maskini akaiweza. Muuza dawa akamwekea Lubango mezani boksi jeupe lisilo na picha. “Chukua hii, baba, upumzishe mbuzi wako.” Lubango akalitazama kama mtu aliyeandaliwa makombo. Akawafikiria wale wa kisimani. Watasema binti amezikwa na mama amechokwa. Akaliacha palepale.

Lakini dawa ya korongo haikuwa na wanunuzi tena, na maduka yakaacha kuiagiza. Lubango akaitafuta mji hadi mji. Jiwe la mlangoni likakaa tupu.

Muuguzi wa zahanati akasikia, akampelekea Nyamizi boksi jeupe bila malipo. Nyamizi akalirudisha mikononi mwa muuguzi taratibu. Akasema mkwe wake yuko njiani.

Hatimaye Lubango akaipata dawa ya korongo. Akarudi mbio, boksi likiwa kifuani ndani ya koti. Akakuta ua umejaa watu, wanawake wamefunga khanga viunoni, na moto wa matanga umewashwa. Akaweka boksi juu ya jiwe, akapiga makofi, akageuka kwenda zake kama siku zote. Kisha akasimama. Sisi tuliozika tunayajua makofi hayo yasiyoitikiwa.

Muuguzi alikuwapo msibani. Akalichukua boksi la korongo, akatoa na lile jeupe mkobani, akamsomea Lubango maandishi madogo yaliyo chini ya picha, kisha akamsomea yaliyo kwenye boksi jeupe. Lilikuwa jina lilelile la dawa na kipimo kilekile.

“Baba,” akasema, “dawa ni ileile. Mama aliikataa hii ili watu wasiseme umeshindwa kumtunza.”

Lubango akakaa juu ya lile jiwe, mahali ambapo mkwe hakai. Alitaka kusema kwamba naye aliikataa ili watu wasimdharau mama. Hapakuwa na wa kumwambia.

Ndugu zangu, hakuna aliyemchukia mwenzake katika nyumba ile. Walipendana, wakapishana mlangoni kwa heshima, na mauti yakapita katikati yao.

Mungu ameushusha uzima hadi mikono yetu mifupi ikaufikia. Wewe unayemwomba leo akuokoe, ni boksi gani jeupe umelirudisha jana kwa sababu halikuwa na korongo?