Simu Haikukatwa

Hapo zamani, nayo si zamani ya mbali, Jumamosi tarehe ishirini Aprili, saa tatu na dakika hamsini asubuhi, Mbelwa Semkiwa alikata roho kwenye kiti chake sebuleni, mjini Hamilton, nchi ya Kanada. Alikuwa mgonjwa wa miezi mingi, na daktari alikuwa ameshawaambia wajiandae. Simu ilikuwa mapajani mwake, wazi. Ndani ya simu ile kulikuwa na uwanja wa Muheza, jua la saa kumi jioni, na timu ya Chungwa ilikuwa mapumzikoni, sare, bao moja kila upande.

Neno lake la mwisho kwa mkewe Eveline lilikuwa hili: "Mama Aneti, usikate simu."

Sasa sikilizeni jinsi mpira ulivyomfikia mtu huyu ng'ambo. Chungwa ilikuwa timu ya daraja la pili. Haikuonyeshwa kwenye televisheni, haikutangazwa redioni. Ukitaka kujua imefungwa ngapi nawe uko Kanada, sharti awepo mtu wa kukwambia. Semkiwa alikuwa na watu watatu.

Wa kwanza ni Yeremia, mdogo wake. Yeremia alioa Korogwe, na moyo wake ukahamia huko. Akawa shabiki wa Mkonge, watani wa jadi wa Chungwa. Hata hivyo miaka tisa, kila Chungwa walipocheza, alisimama nyuma ya goli, simu mdomoni, akamtangazia kaka yake.

"Kaka, leo timu yako imevaa soksi safi. Zuri jingine sijaliona."

"Tangaza mpira wewe, achana na soksi!"

Siku moja mvua ilinyesha, Yeremia hakwenda. Alikaa barazani kwake akatunga mechi nzima, na mabao akayatunga. Semkiwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Asante, mdogo wangu. Na hao kuku ninaowasikia, wanacheza namba ngapi?" Tangu siku hiyo Yeremia hakukosa tena, iwe mvua, iwe jua.

Wa pili ni Mugisho, mtu wa Bukavu, aliyefanya kazi na Semkiwa kwenye kiwanda cha mikate. Mpira hakuujua wala hakuupenda. Alichopenda ni kwaya. Aliimba besi, na mazoezi yalikuwa Jumamosi asubuhi. Siku moja alimkuta Semkiwa anafuta machozi karibu na tanuri, kwa sababu zamu yake imeangukia siku ya mechi.

"Mzee, enda nyumbani," Mugisho akasema. "Nitakushikia zamu."

Akamshikia Jumamosi ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Kwaya ikatafuta mtu mwingine wa besi.

Wa tatu ni Eveline mwenyewe. Huyu aliichukia simu ile miaka yote tisa. Aliiita mke mwenza. "Haya, mke mwenzangu kaamka," alisema kila Jumamosi, akaingia jikoni na kufunga mlango kwa kishindo. Kona hakuijua, penalti hakuijua.

Lakini asubuhi ile alimfumba mumewe macho, akasali Baba Yetu. Kabla hajafika Amina, simu ikasema, "Kaka, wameingia! Kipindi cha pili!"

Eveline alinyoosha kidole akate. Akakumbuka. Akaiweka simu sikioni mwa mumewe, akapiga magoti, akamshika mkono. Dakika arobaini na tano. Yeremia alipiga kelele, akatania, akauliza, "Kaka, mbona kimya? Umeogopa?" Eveline akazidi kuukaza mkono wa mumewe. Chungwa wakashinda mbili kwa moja. Hapo ndipo alipoichukua simu.

"Shemeji Yeremia, kaka yako ametutoka. Ametutoka kabla ya kipindi cha pili."

 Nyuma ya Yeremia watu wa Muheza walikuwa wakishangilia.

Mechi zilibaki sita, na Semkiwa aliishi akisema ataifuata Chungwa mpaka ipande daraja. Wiki ya mazishi ilipokwisha, Eveline akapiga simu mwenyewe.

"Shemeji, Jumamosi tunaendelea."

"Nitamtangazia nani tena, shemeji?"

"Mimi. Anza kwa kunieleza kona ni nini."

Jumamosi sita alikaa kwenye kiti kile. Alisali kwanza, ndipo akasikiliza. Tarehe mosi Juni Chungwa wakapanda daraja. Yeremia akawasimulia habari za kaka yake. Nahodha akavua jezi yake, na uongozi ukaituma Kanada pamoja na barua fupi: "Jezi ni moja. Apewe yule aliyemfikisha Semkiwa uwanjani."

Padre Mntambo aliisoma barua hiyo siku ya misa ya kumbukumbu, mbele ya waombolezaji wote. Yeremia alikuwa kwenye simu, juu ya meza.

"Miguu iliyosimama nyuma ya goli ni yangu," Yeremia akasema. "Bila mimi kaka angesikia nini? Na mjue mimi ni wa Mkonge! Huku wenzangu wananiita msaliti miaka tisa." Watu wakacheka, machozi yakiwatoka.

Mugisho akasema, "Ulitangaza vizuri, ndugu yangu. Lakini ungemtangazia nani, kama Mzee yuko kiwandani anatoa mikate motoni? Saa zile nilizitoa mimi. Na kwaya hawajanirudisha."

Eveline alisimama polepole.

"Ninyi mlimpa mechi za miaka tisa. Mimi nilimpa kipindi kimoja, na sijui kama alikisikia. Lakini kidole changu kilikuwa pale pale, na sikukata. Timu yake nimeifuata mpaka alikotaka ifike. Ninaitaka jezi hii. Sitasema siitaki kwa sababu ya adabu."

Padre aliikunja jezi, akaikunjua, akaikunja tena. Mpaka leo iko kanisani, kabatini, pamoja na mavazi ya ibada.

Je, ninyi mnaosikiliza, nani alistahili? Ni Yeremia, ni Mugisho, au ni Eveline? Amueni. Ila kabla hamjaanza kubishana, inamisheni vichwa mseme nami: Raha ya milele umpe Mbelwa, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.