Bangili za Bi Tatu

"Mwenye nyumba akiketi, mgeni haagi." Mmeisikia sasa hivi mnacheka, mkidhani ni maneno ya mgeni mlafi. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Pangani palikuwa na benki ya familia, kwa akina Badi. Badi aliirithi kwa baba yake. Kila asubuhi mama yake, Bi Tatu, aliketi kwenye benchi la mlangoni na birika lake la kahawa, akiwauliza wateja hali za watoto wao. Badi aliona haya. Benki gani inanuka tangawizi?

Siku moja Bi Tatu alichukua bangili zake za dhahabu kutoka kasha la benki, maana binti wa Badi, Mwanamkasi, alikuwa anaolewa kesho yake. Dhahabu ya bibi harusi haionyeshwi kabla ya siku yake, watu wana macho! Basi akazifunga ndani ya kanga, akatokea mlango wa nyuma. Bi Zena, muuza samaki, akamwona. Lo! Kabla ya adhuhuri mji mzima ulishajua: mama wa mwenye benki anatorosha mali yake. Benki imefilisika!

Watu wakafurika kudai akiba zao. Badi alijua fedha nyingi walikopeshwa wakulima wa minazi. Wote wakilipwa leo, kazi ya baba yake imekwisha. Akashika komeo la mlango.

"Ukifunga, umekiri."

Alikuwa Bi Tatu, amepenya katikati ya umati, kanga kwapani.

"Mama, waambie ni dhahabu ya harusi!"

"Nani ataamini maneno leo?"

Akaifungua kanga mbele ya kila mtu. Wanawake wakaguta, "Hee! Dhahabu ya bibi harusi hadharani!"

"Ndiyo hii. Badi, irudishe kashani. Mjukuu wangu ataolewa amevaa shanga."

Badi akamfikiria binti yake. Lakini akazipokea. Bi Tatu akajibwaga kwenye benchi, akamimina kahawa. "Mimi nipo," akasema. "Mwenye nyumba akiketi, mgeni haagi. Anayetaka chake achukue, hatumzuii."

Wapo waliochukua, sidanganyi. Ila Bi Zena alijipiga kibao cha mdomo. "Mdomo wangu huu, utaniua! Sogea, shoga, nikae." Wakakaa wengine, benchi likajaa, wakakaa hata kwenye ngazi. Badi mwenyewe akaleta vikombe.

Kesho yake Bi Zena alifika harusini, akavua bangili yake moja, akamvisha Mwanamkasi. Nyuma yake wakaja wateja wengine, kila mmoja na yake. Mikono ya yule mtoto ikajaa hadi viwikoni, na Badi akalia mbele za watu bila kuona haya.

Kwa hiyo siku nyumba yenu ikitikisika, msikimbilie komeo. Vuteni kiti mlangoni, wekeni kahawa. Mwenye nyumba akiketi, mgeni haagi.