Kwa Nini Bi Harusi Husemeshwa Mtoni

Jana niliwasikia mkinung'unika. Magari ya harusi yamesimama darajani, jua linachoma, pilau inapoa huko mbele, na nyinyi mnaulizana huyu bibi anashuka kufanya nini na kata yake ya maji. Basi kaeni niwaambie. Mwenye haraka atangulie, njia anaijua.

Kulikuwa na zama ambapo bi harusi hakusema. Akishafunikwa mlangoni kwa babake, kinywa chake kilikuwa kimefungwa mpaka avuke kizingiti cha mumewe. Alilazwa juu ya kitanda cha kamba, vijana wanne wakakitia mabegani, naye yumo chini ya nguo. Kila mji wa ukoo ulitoa nguo ya kumfunikia, na wingi wa nguo ndio uliokuwa heshima yake. Akiomba kitu njiani, wakwe walisema wameletewa mdomo, si mke. Hakuna aliyehoji. Mila hiyo wote waliikuta.

Katika kijiji cha Mikambalani aliishi mwanamke aitwaye Jumwa, na yeye alijua uchungu wa mila hiyo kuliko wenzake. Siku alipobebwa yeye, kiu ilimshika njiani, akaomba. Alisema neno moja tu, "Maji." Wakampa, akanywa, akafika mzima. Lakini tangu hapo aliitwa Jumwa Maji. Mama mkwe alimwita hivyo, wake wenza wakamwita hivyo, hata watoto kisimani. Akikosana na mtu, alitupiwa jina hilo usoni. Mumewe alipofariki alirudi kwa kaka yake bila mtoto, na jina likaja nyuma yake.

Kaka yake alikuwa na binti aliyefiwa na mama, Mbeyu, na Jumwa ndiye aliyemlea. Mbeyu alikuwa mcheshi, ungemsikia njia ya kisimani kabla hujamwona. Posa ilipokuja ililetwa na wazee wa kina Ngowa, kijana mrina asali kutoka ng'ambo ya Mto Mwezo. Waliweka kibuyu cha tembo la mnazi katikati, Mbeyu akaitwa akionje, maana msichana akionja amekubali. Wengine hugusa kwa ncha ya ulimi. Mbeyu alikunywa funda zima, akapangusa midomo, na wazee wakacheka hadi wakakohoa. Ngowa, mtu wa haya, aliinama akitabasamu. Vijana hao walipendana, na hilo mlishike, kwa sababu si kila kisa cha kale ni cha kulazimishana.

Jumwa hakucheka. Alikisikia kile kicheko cha wakwe na kikamkumbusha vingine. Aliapa moyoni kwamba huyu mtoto hawatampa jina.

Maandalizi yakaanza. Mtama ulitwangwa, ngoma zikawambwa upya, na Jumwa akazunguka miji ya ukoo kuomba nguo. Mwenye kutoa moja alimbembeleza atoe mbili. Jioni alimfunza Mbeyu kunyamaza. Alimlaza, akamfunika gubigubi, akamwambia asitoe sauti hata akifinywa. Kisha akamfinya. Mwanzoni Mbeyu alicheka. Baadaye alizoea, na Jumwa aliona fahari.

"Shangazi, na nikizidiwa njiani?" Mbeyu aliuliza siku moja.

"Mkono si unao? Gonga mti wa kitanda, nami nitajua."

"Utanipa maji?"

"Nitakuwa karibu yako, mwanangu."

Hilo halikuwa jibu, lakini Mbeyu alimwamini, hakudai jingine.

Mwaka huo masika yalichelewa. Siku ya harusi, wajomba waligombana nani atangulie kuweka nguo yake, na ugomvi ukala asubuhi yote. Walipoondoka jua lilikuwa limefika utosini. Nguo zilirundikana hadi kitanda kikawa kama kichuguu, na watu wakasema hawajaona bi harusi wa heshima namna ile. Jumwa alitembea ubavuni, mkono wake juu ya mti wa kitanda.

Walipofika nyikani, akahisi pigo la vidole. Lilipita katika mti likamwingia kiganjani. Jumwa akainama. "Kaza moyo, mwanangu, tumekaribia." Hawakuwa wamekaribia. Vijana walikuwa wakiimba, hawakusikia. Pigo likaja tena, likaja tena, naye kila mara akasema vilevile.

Penye kivuko lilikuja jingine, dhaifu, na safari hii mbebaji mmoja alilisikia. "Shangazi," alisema, "anagonga huyu. Tumshushe?"

Maji yalikuwa pale, miguuni pao. Kata ilikuwa kiunoni mwa Jumwa, maana aliichukua alipotoka nyumbani. Moyo wake mmoja ulijua. Lakini ng'ambo ya pili wanawake wa kina Ngowa walikuwa wamejipanga na vigelegele, wanatazama, na mama yake Ngowa yupo mbele. Jumwa aliwaona, akalisikia jina lake kabla halijatamkwa.

"Anapiga ngoma huyo," akasema. "Anafurahia kwake. Vukeni."

Wakavuka.

Nyumbani kwa Ngowa nguo zilitolewa moja moja, kwa wimbo. Mama mkwe alitangaza kwamba hajawahi kupokea mke aliyefunzwa vizuri namna hii. Jumwa aliyasikia maneno hayo, na kwa muda mfupi alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata maishani mwake. Kisha nguo ya mwisho ikatoka.

Ngowa alikuwa amesimama kizingitini. Alimwita mkewe kwa jina. Akamwita tena. Uso wa Mbeyu ulikuwa umekauka, macho nusu wazi, na ngozi ya vifundo vya vidole vyake ilikuwa imechubuka kwa kugonga.

Watu walisema ni kazi ya Mungu. Hakuna aliyemnyooshea Jumwa kidole. Yule mbebaji alitazama chini, asingesema kitu. Ngowa ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo, "Hakuomba chochote njiani?"

Jumwa angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikujua.

"Aliomba," akasema. "Mimi niliomba nikaishi, na nikaona haya kwa kule kuishi kwangu. Ndiyo nikamfunza yeye asiombe."

Walimzika Mbeyu kwa zile nguo zake. Jumwa hakurudi Mikambalani. Alijenga kibanda pale kivukoni, na harusi iliyofuata ilipofika mtoni ilimkuta ndani ya maji, ameshika kata. Aliudaka mti wa kitanda, akakataa kuuachia. Wazee walimfokea, wakasema ameharibikiwa akili. Akawaambia wapite juu yake. Wakati wanabishana, Ngowa alishuka ukingoni, akaingia majini, akasimama kando yake. Hapo wazee wakawaashiria vijana washushe kitanda.

Jumwa alimfunua msichana uso. "Sema," akamwambia. Msichana akatikisa kichwa, maana naye alikuwa amefunzwa. "Sema, mwanangu. Mimi hapa sitoki."

Walingoja. Ngoma zilikuwa zimelazwa chini. Mwishowe yule msichana akafungua kinywa akasema, "Maji," na hakuna aliyecheka.

Na tangu siku hiyo, kwetu bi harusi havuki mto mpaka asemeshwe. Zamani kitanda kilishushwa, leo mnashusha kioo cha gari, ni mamoja. Ngoma hunyamaza, na mkiwa na honi nazo zinyamaze. Atafunuliwa uso, atapewa maji, ataitwa kwa jina lake, naye atasema kwa sauti kama kuna kinachomuumiza. Akikaa kimya, hatuvuki. Akisema anataka kurudi, tunageuza. Na mwanamke anayeshika kata siku hiyo huitwa Jumwa Maji, hata kama ana jina lake, na siku hizi jina hilo linagombaniwa.

Jana nilikuwa mimi. Bi harusi aliniambia kiatu kinambana. Nikamvua, ndipo tukavuka.